Barua kwa shoga yangu: ule wimbo wa Comtessa de Dia

Shoga yangu kipenzi,

Salamu nyingi kutoka huku Valence, Ufaransa. Mimi mzima, kibarua kinaenda, baridi ndo imeanza kuingia kwenye mifupa lakini nishazoea. Mama msalimie sana, mwambie ile dawa yake ya miguu nimeshainunua, kuna mtu anakuja huko mwezi ujao nitampa amletee.

Haya sasa. Ile voisi yako ya juzi usiku nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza kwenye basi, ya pili jikoni, ya tatu nishalala na taa nimezima, na nkwambie ukweli imeniuma. Ati daftari umelifungia kwenye sanduku la kanga na huandiki tena, kisa ule wimbo wako uloimbwa kwenye harusi, wakasema mwanamke mwenye heshima zake hasimami ukumbini kumlalamikia mwanamume mbele za watu, na mawifi nao wakaongeza lao kwamba maneno yale ni ya chumbani. Kinachoniuma zaidi ni kwamba umewaamini. Sikukujibu kwa voisi manake nina kitu cha kukuhadithia na ni kirefu, kwa hiyo injika chai, ukae.

Unamkumbuka yule bibi ninayemhudumia, niliyekwambia ameshapita miaka 80 na bado anajipaka rangi ya mdomo kila asubuhi? Siku moja nilikuwa namchana nywele akaniambia niweke sidii moja iliyokuwa juu ya kabati. Ikaanza sauti ya mwanamke peke yake, hamna ngoma, hamna fidla, sauti tu. Nikasimama na kitana mkononi. Sikuelewa neno hata moja kwa sababu hakikuwa Kifaransa, lakini nilijua huyu mwanamke analalamika, na analalamika kwa adabu zake zote, halii, hapigi kelele, sauti inapanda kidogo alafu inashuka inarudi pale pale ilipoanzia, inapanda tena inarudi. Nikamuuliza bibi huyu nani, akasema ni Comtessa de Dia, ametunga hiyo zaidi ya miaka 800 iliyopita, na Die yenyewe, mji wake, ni hapo tu, unapanda treni asubuhi jioni umerudi.

Miaka 800 shoga. Tangu siku hiyo sijatulia, nasoma kila nikipata nafasi, na kila nikisoma nakuona wewe.

Comtessa ni cheo, ni kama useme Bibi Mkubwa wa Die. Watu siku hizi wanamwita Beatritz lakini hilo jina walimpa watu waliokuja baadaye, kwenye miswada ya zamani ameandikwa Comtessa de Dia bas. Aliishi karne ya 12 huku kusini mwa Ufaransa, enzi ambazo huku hawakuzungumza Kifaransa, walizungumza lugha yao inaitwa Kioksitani, na hilo jina limetokana na neno oc ambalo ndo "ndiyo" yao, wakati watu wa kaskazini wao walisema oïl. Yaani lugha imepewa jina kwa namna watu wanavyoitikia. Mimi hilo limenipendeza sana.

Sasa kwenye majumba ya wakubwa wa huku kulikuwa na watunzi wanaitwa trobador, na kutunga kwenyewe wanaita trobar. Ni watunzi hasa, sio wa kubahatisha, wana mizani yao, wana vina vyao, wana majina ya kila namna ya ubeti, ukiwasoma utadhani umekaa na mzee wetu yule aliyekufundisha tarbia. Waliojulikana kwa majina ni zaidi ya 400 na nyimbo zao zilizobaki ni kama 2,500. Wanaume hao. Na habari yao kubwa ni mapenzi, ila mapenzi yenye mpango wake: mwanamume anampenda bibi wa jumba, anapiga magoti, anamwita bwana wangu (kweli, walitumia neno la kiume kabisa, midons, kumwita mwanamke, kwa kumkweza), anaumwa, anakonda, anangoja atazamwe hata mara moja. Na yule bibi je? Yule bibi kimya. Yuko juu kama mwezi, anasifiwa macho anasifiwa shingo, mamia ya nyimbo zimeimbwa kwa ajili yake na hajafunua mdomo.

Alafu wakatokea wanawake wakafunua mdomo. Wanaitwa trobairitz, wanaofahamika kwa majina ni kama 20 hivi, na nyimbo zao ni dazeni chache tu. Kulikuwa na Azalais de Porcairagues, kulikuwa na Na Castelloza (huyo Na ni kama Bibi, ni neno la heshima), Clara d'Anduza, Maria de Ventadorn ambaye alibishana kwa mashairi na mwanamume mmoja juu ya suala la kwamba mwanamume akishapendwa, je anakuwa sawa na mwanamke au anabaki mtumishi wake. Wote nitakuandikia siku nyingine, Castelloza hasa, manake huyo naye ana machungu. Leo nataka huyu wa Die.

Zimebaki nyimbo zake 4. Nne tu. Na huo niliousikia kwa bibi, unaitwa A chantar, ndo wimbo pekee wa mwanamke katika hao wote ambao tuni yake iliandikwa ikabaki. Fikiria hilo kidogo. Hata kwa wanaume tuni zilizobaki ni kama moja katika kila kumi, lakini wanawake wote wale, sauti zao zote zile, tumebakiwa na tuni moja, imeandikwa kwenye muswada mmoja wa karne ya 13 ambao sasa uko maktaba kuu ya taifa Paris, na juu ya ubeti wa kwanza ndo wamechora noti. Ubeti mmoja. Huo ubeti mmoja ukishaujua unaimba beti zote 5 na kale kamkia ka mistari miwili ka mwishoni.

Sasa sikiliza anavyoanza. "Nimelazimika kuimba jambo ambalo nisingependa kuliimba." Hivyo tu, mstari wa kwanza. Hasemi ndege wanalia, hasemi maua yamechanua kama wanaume walivyozoea kufungua nyimbo zao, anaingia moja kwa moja mlangoni: sitaki kuimba hili, ila inabidi, kwa sababu nina kinyongo na yule ambaye mimi ni mpenzi wake. Nampenda kuliko kitu chochote kilichopo, na kwake hakinisaidii kitu, huruma haisaidii, adabu haisaidii, wala uzuri wangu, wala heshima yangu, wala akili yangu. Nimedanganywa na kusalitiwa kama vile ningekuwa mbaya wa sura.

Shoga umeona alichofanya hapo? Amejisifu. Katikati ya machungu yake anasema mimi ni mzuri, nina heshima, nina akili, na wewe umenifanyia kama mtu asiye na hata kimoja. Hajaomba msamaha kwa kuwa na uchungu. Ubeti wa pili anasema kinachonipa moyo ni kwamba mimi sijakukosea kwa lolote, tena nimekushinda kwa kupenda, na nimefurahi kukushinda. Anamwambia nimekupenda kuliko Seguis alivyompenda Valenssa, na mimi niliposoma hapo nikaruka nikadhani ni mji huu ninaokaa, kumbe hao ni wapenzi wa kwenye hadithi ambayo zamani kila mtu aliijua na leo imepotea yote, yamebaki majina hayo mawili kwenye wimbo wake. Alafu anamchoma: kwa wengine wote wewe ni mpole na muungwana, mimi tu ndo unanifanyia jeuri, kwa maneno na kwa uso. Wewe mwenyewe uliandika karibu hivyo hivyo, ule ubeti wako wa mtu anayecheka baraza zote akifika nyumbani ananuna. Nilipofika hapo ilibidi nifunge kitabu.

Ubeti wa tatu ndo ninaoupenda kuliko yote. Anasema kumbuka mwanzo wa mapenzi yetu ulivyokuwa, na Mungu asijaalie kuachana kwetu kuwe kwa kosa langu. Wa nne anamwambia najua wewe ni mtu wa sifa, sijui mwanamke wa mbali wala jirani ambaye akitaka kupenda hatakuelekea wewe, lakini wewe ni mtu wa kujua mambo, unatakiwa umjue nani mkweli kuliko wote, na ukumbuke ahadi zetu. Yaani hata wivu wake ameufunga kwenye kitambaa cha hariri. Alafu wa tano anasema ndo maana nakutumia huko unakokaa wimbo huu, uwe mjumbe wangu, nataka kujua kwa nini umekuwa mkali kwangu namna hii, ni kiburi au ni chuki. Na ule mkia wa mwisho, baada ya maneno yote hayo matamu, mjumbe aongeze na hili: kiburi kikizidi kimewadhuru wengi.

Basi. Umekwisha. Hajui jibu na hatujui kama jibu lilikuja.

Jina la mwanamume halitaji hata mara moja, anamwita amics, yaani rafiki, mpenzi. Na hiyo ilikuwa kawaida yao, kuficha jina au kumpa mtu jina la fumbo ambalo mwenyewe akilisikia atajua, sisi watu wa taarabu hilo hatuhitaji kufundishwa. Kwa hiyo usiniambie tena kwamba kosa lako ni kuwa watu walijua unamwimba nani. Watu watajua tu. Wa Die nao walijua au walidhani wanajua, manake karne iliyofuata mtu mmoja akakaa akaandika habari za maisha yake, zile habari fupi walizokuwa wanaandika kutambulisha watunzi kabla nyimbo hazijaimbwa, na habari zake zote ni kama sentensi mbili: alikuwa mke wa bwana Guillem de Peitieus, mwanamke mzuri na mwema, akampenda bwana Raimbaut d'Aurenga na akamtungia nyimbo nyingi nzuri. Huyo Raimbaut alikuwa mtunzi kweli, mkubwa, bwana wa mji wa Orange, alifariki 1173. Wasomi wanaofuatilia wanasema hayo maelezo hayaaminiki sana, yaliandikwa na watu ambao hawakumwona. Mimi hasira yangu iko kwingine. Mwanamke ametunga hivyo, maisha yake yote yameingia kwenye sentensi mbili, na humo ndani ni mke wa nani na kampenda nani. Hakuna alijifunza wapi, hakuna alianza kutunga ana miaka mingapi, hakuna alikaa vipi akihesabu silabi usiku. Ndo maana nakwambia usifungie daftari. Daftari ndo litakalosema yale ambayo watu hawatayasema.

Na kama wakisema maneno yako ni ya chumbani, huyu aliandika wimbo mwingine, Estat ai en greu cossirier, huo una beti 3 na ndo wimbo uliowababaisha wasomi miaka na miaka. Anaanza kwa kusema nimekuwa kwenye huzuni nzito kwa ajili ya mwanamume niliyekuwa naye, na nataka ijulikane daima nilimpenda kupita kiasi. Ona hapo, nataka ijulikane. Alafu anasema waziwazi angependa usiku mmoja amkumbatie mikononi mwake bila nguo, na mwisho anamwambia ningetamani sana wewe uwe mahali pa mume, mradi uniahidi utafanya yote nitakayo. Mimi sisemi ni jambo zuri mke wa mtu kusema hivyo, wewe unanijua, nilivyolelewa sio hivyo. Nasema tu alikuwa bibi wa heshima, mke wa mkubwa, na waliokuja kunakili nyimbo zile hawakumfuta. Wengi wa hao wanakili walikuwa Italia, na kwenye baadhi ya miswada wamemchora kabisa, kapicha kadogo ndani ya ile herufi kubwa ya mwanzo, amesimama na gauni lake refu, kama walivyochorwa wanaume.

Wambea nao kawashughulikia. Walikuwepo, kwao wanaitwa lauzengiers, ni watu wa kukaa kwenye majumba ya wakubwa kazi yao kuchongea na kuharibu. Kwenye wimbo wake wa furaha, Fin ioi, anasema hao watu ni kama wingu linalotanda mpaka jua linapoteza miale yake. Na anasema maneno yao hayamtishi, yanamzidishia furaha. Nimeandika huo mstari kwenye karatasi nimebandika kwenye friji. Wewe ubandike kwenye kioo.

Mwezi uliopita nilienda Die mwenyewe, siku yangu ya kupumzika. Treni inapita kando ya mto Drôme, milima inakuja karibu karibu mpaka unahisi inakuegemea, mji wenyewe ni mdogo, una mabaki ya ukuta wa Warumi na lango lao la mawe ambalo bado limesimama watu wanapita chini yake. Nikapita na mimi. Lango lile lilikuwa la kale tayari yeye alipozaliwa. Nikakaa kwenye ngazi karibu na kanisa kuu nikaweka wimbo kwenye simu, sauti ya chini, nikausikiliza mpaka mwisho mara mbili. Kuna mama alipita na mkate kwapani akanitazama, akanisalimu, akaenda zake. Nililia kidogo, sitakuficha. Nilikuwa nakufikiria wewe na nilikuwa nafikiria lugha yake.

Manake lugha yake nayo ina kisa. Mwaka 1209 majeshi ya vita vya msalaba yalishuka kutoka kaskazini kupigana na wale waliowaita wazushi wa dini, wakaanza na mji wa Béziers wakaua watu wasiohesabika, na vita vikaendelea mpaka 1229. Majumba yale ya nyimbo yakavunjika, watunzi wengine wakakimbilia Italia na Hispania. Baadaye Kifaransa kikawa ndo lugha ya serikali, alafu shule zikaja. Bibi yangu huyu ananihadithia kwamba baba yake akiwa mtoto shuleni, ukikamatwa unazungumza Kioksitani unapewa kijiti cha kubeba, na unakuwa nacho mpaka umkamate mwenzio anazungumza umpe yeye, na atakayelala nacho jioni ndo anayechapwa. Nikamwambia bibi, na sisi pia. Akashangaa. Nikamweleza kile kibao chetu cha shingoni, kwamba tulikivaa kwa kuzungumza Kiswahili, nchi yetu wenyewe, na nikamwambia rafiki yangu alikivaa wiki nzima kwa sababu alikataa kumsaliti mwenzake. Hukumbuki? Mimi nakumbuka. Uliyekataa kumsaliti alikuwa mimi. Na mashairi yako ya kwanza uliyaandika wiki ile ile nyuma ya daftari la hesabu.

Huyo ndo mtu ninayemwandikia, sio huyu wa kufungia daftari kwenye sanduku la kanga.

Sasa nina ombi. Nimejaribu kuugeuza ubeti wa kwanza wa A chantar uwe wa kwetu. Wake una mistari 7, silabi kumi kumi, mimi nimeshindwa kuubana hivyo nikauweka kwenye tarbia ya mistari minne, mizani 16 kila mstari:

Naimba nisilotaka, kwa uchungu wa moyoni,
Ni yeye ninomtaka, kupita vyote nchini,
Huruma hakukumbuka, wala adabu haoni,
Sura, sifa na fanaka, kwake havina thamani.

Naona haujakaa sawa. Hiyo fanaka nimeiweka kwa ajili ya kina, yeye alisema akili, na akili ndo lenye uzito. Alafu ule mwisho wake, kusalitiwa kama vile ningekuwa mbaya wa sura, umenikosa kabisa, hakukuwa na nafasi. Wewe ungeipata nafasi. Wewe ungejua pa kuliweka neno akili likae lenyewe.

Nimekurekodia tuni kwa simu, nimeimba mimi kwa hiyo vumilia sauti yangu, ila noti ziko sahihi, bibi alinisimamia. Mistari miwili ya kwanza ina tuni yake, miwili inayofuata inarudia ile ile, alafu inapanda, mwisho inarudi kwenye tuni ya mstari wa pili. Utaishika mara moja. Na kwenye karatasi ya pembeni nimekuandikia maana ya beti zote 5 na mkia wake, neno kwa neno, kwa Kiswahili cha kawaida. Ubeti wa kwanza rekebisha upendavyo, mingine ni yako. Ukimaliza hata mmoja nitumie, saa yoyote, hata usiku wa manane, simu siizimi.

Watoto wabusu. Mwambie mdogo wako deni lake nalikumbuka.

Ni mimi shoga yako, wa dawati moja